Mafuta ya Gari la Baba

Juzi nikitoka Ihanja kurudi mjini, nilikwama nyuma ya gari bovu la zamani. Lilikuwa likitoa moshi mweusi, na harufu ya petroli isiyoungua ikaingia mpaka ndani hata baada ya kupandisha vioo. Mwanangu akaziba pua na kulalamika. Mimi nikajikuta nimepunguza mwendo, nikaliacha litangulie, kisha nikasimama kando ya barabara kabisa. Nilimdanganya mtoto kwamba kichwa kinaniuma. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi Kinampanda, kwenye kiti cha nyuma cha gari la Baba, meno ya mbele yameng'oka, na Bibi bado yu hai.

Ninyi wa rika langu mnayakumbuka magari yale. Letu lilikuwa stesheni wagoni la petroli, jeupe hapo zamani, mlango mmoja wa nyuma ukifungwa kwa mpira wa baiskeli. Baba alilinunua likiwa limeshachakazwa na wengine, baada ya msimu mzuri wa alizeti, na tangu siku hiyo likawa gari la kijiji kizima. Lilibeba wagonjwa, mabibi harusi, magunia ya vitunguu na majeneza, na katikati ya safari hizo lilitubeba sisi kwenda kanisani. Baba alijua kuendesha, ila hakuupenda usukani. Aliyeliendesha alikuwa mdogo wake, Msengi, ambaye mimi nilimwita Baba Mdogo, aliyeishi kwetu katika chumba cha karibu na jiko na ambaye hakuwa ameoa bado.

Nilimpenda Baba Mdogo kuliko watu wote wa nyumba ile, na sioni haya kulisema hilo. Alikuwa akipiga mluzi anapofika kwenye kona ya shule ili nijue anakuja. Nguo zake zilinuka petroli wakati wote, hata za Jumapili, na mimi nilidhani ndivyo wanaume wanavyonuka wakishakuwa wakubwa. Baadaye harufu hiyohiyo ilitumika kama ushahidi dhidi yake.

Kisa kilianza polepole. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi ulikuwa umekufa siku nyingi, kwa hiyo Baba alipima kwa madumu: dumu lililonunuliwa Kiomboi lilitakiwa kumaliza safari zake fulani, na yeye alizijua zote kwa kichwa. Dumu likaanza kuisha kabla ya safari. Mwanzoni walicheka. Jirani mmoja akasema gari limezeeka, limeanza ulafi kama wazee wengine aliowajua. Baba naye alicheka, lakini cheko lake lilikauka mapema kuliko la wenzake.

"Msengi, mafuta yanakwenda wapi?" aliuliza jioni moja tukiwa tunakula.

"Gari inakula, kaka. Tangu ilipochemka kule Sekenke tukaitengeneza, inakula tu. Tuipeleke kwa fundi aiangalie."

"Gari haina mdomo," Baba akasema. "Wenye midomo ni watu."

Mama aliacha kumega ugali. Baba Mdogo alitabasamu kidogo, akidhani anataniwa, akaendelea kula. Siku chache baadaye Baba alirudi na mfuniko wa tangi wenye kufuli. Aliufunga mwenyewe, akautundika ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu, na kuanzia hapo aliyetaka kutia mafuta ilimpasa kumtafuta yeye. Mimi niliona ni jambo la akili sana. Mama alikuwa amefunga kabati la sukari kwa sababu yangu, kwa hiyo nilielewa kwamba gari nalo limefungiwa ili lisile kupita kiasi. Nililionea huruma. Nililipapasa mgongoni nikiliambia livumilie.

Pamoja na kufuli, mafuta yaliendelea kuisha. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema: basi kumbe hakuna mwizi. Baba alisema mwizi amejifunza kufyonza kutoka kwenye bomba la chini. Nimewahi kuona watu wengi wakishikwa na shaka, na sijaona hata mmoja ambaye shaka yake ilishindwa na kufuli. Inatafuta tu mlango mwingine. Baba akawa anamsogelea mdogo wake na kuvuta hewa puani bila kusema neno, na Baba Mdogo akaanza kuoga kabla ya kuingia ndani.

Kisha Bibi, mama yao wawili, akaugua. Miguu ilimvimba, na pumzi ikawa fupi kiasi kwamba akisema jina langu alilikata katikati. Alilazwa hospitali ya Kiomboi, na madaktari wakasema apelekwe Singida mjini bila kuchelewa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Baba akamimina dumu zima kwenye tangi, akafunga kufuli, akamwambia Baba Mdogo atangulie na Bibi na Mama. Yeye angefuata kwa basi akishapata mtu wa kuangalia mifugo. Mimi nilipakiwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka ufunguo. Ulibaki shingoni mwa Baba.

Bibi alilazwa nyuma juu ya godoro, kichwa kwenye mapaja ya Mama. Mimi nilikaa miguuni. Ilikuwa kipupwe, upepo wa Singida ukipiga ubavu wa gari mpaka likayumba, na miguu ya Bibi ilikuwa ya baridi ingawa niliifunika kwa sweta langu. Baada ya Misigiri, kwenye mlima mrefu, gari likakohoa. Likakohoa tena. Baba Mdogo akasema, "Hapana, hapana, mama, hapana," akilibembeleza gari kama mtu, nalo likasimama. Akaingia chini yake, akafungua bomba, akatoka mikono ikiwa mikavu.

Magari yalipita. Yaliyosimama yalikuwa malori, na malori yanatumia dizeli. Dereva mmoja alijitolea kumpakia Bibi juu ya shehena ya magunia, lakini Mama alipojaribu kumwinua, Bibi alitoa sauti ambayo ilitufanya sote tumrudishe. Lori likamchukua Baba Mdogo na dumu lake tupu. Tukabaki sisi watatu na upepo. Bibi alikuwa akipumua kwa kukwaruza, na mimi, Mungu ananijua, niliichoka ile sauti. Ilipokoma nilishukuru. Nilimwambia Mama kwa kunong'ona, "Amelala sasa." Mama akajibu, "Ndiyo, amelala," akamvutia khanga usoni, nami nikaona ni kwa ajili ya vumbi.

Baba Mdogo alirudi nyuma ya pikipiki, dumu mapajani. Aliruka kabla haijasimama sawasawa. Alishika mfuniko, akaliona kufuli, na hapo ndipo alipokumbuka. Aliokota jiwe. Alilipiga lile kufuli kwa nguvu zote alizokuwa nazo mpaka likavunjika, vidole vikichuruzika damu, akamimina mafuta yote bila kumwaga tone. Hakuwa ametazama ndani ya gari hata mara moja. Alipomaliza ndipo Mama akasema, "Shemeji, acha. Acha tu." Akakaa chini pale barabarani, dumu likiwa bado mkononi.

Tulirudi na Bibi nyumbani, Baba akiwa bado hajaondoka. Kitu cha kwanza ambacho Baba alikitazama, baada ya uso wa mama yake, kilikuwa kufuli. Nilimwona. Alikiinua kile chuma kilichovunjika na kuuliza kimevunjwa lini.

"Mimi nimemwona akilivunja," Mama akasema. "Alikuwa anatia mafuta."

"Na kabla ya hapo? Dumu zima halifiki hata nusu ya njia?"

"Kaka," Baba Mdogo akasema, "naapa kwa huyu aliyelala hapa, sijachukua mafuta yako."

Laiti Baba angepiga kelele, watu wangeingilia, wazee wangekaa, pengine mambo yangesemwa yakaisha. Alinyamaza mpaka siku ya mazishi, pale kaburini.

Kwetu watoto wa marehemu ndio hutangulia kutupa udongo, mkubwa kwanza, wengine wakifuata kwa kuzaliwa kwao. Baba alitupa. Baba Mdogo akainama, akachota, na mkono wake ukiwa umeinuliwa Baba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kinyiramba, watu wote wakisikia: "Wewe acha. Wewe wa kwako umeshautupa barabarani."

Hata mchungaji aliangalia viatu vyake. Mimi nilitazama mkono wa Baba Mdogo, nikauona una weusi wa girisi kuzunguka vidonda, na nikaelewa kila kitu: amekatazwa kwa sababu ana mikono michafu. Nilipenya kati ya miguu ya watu nikakimbilia nyumbani, nikarudi na beseni la maji na sabuni, nikamwekea mbele yake. "Nawa, Baba Mdogo," nikasema, "halafu utupe." Nilisikia mama mmoja akianza kulia upya. Baba Mdogo alinitazama muda mrefu. Kisha akachuchumaa, akauachia ule udongo pembeni, akanawa mikono taratibu mbele ya kijiji kizima, akanishukuru, akaondoka makaburini. Kesho yake chumba cha karibu na jiko kilikuwa wazi. Watu walisema amekwenda Sekenke, kwenye mashimo ya dhahabu.

Baba akashika usukani mwenyewe. Lakini gari liliendelea kula. Niliona akimimina dumu, akisimama, akilitazama lile tundu la tangi kama mtu anayesubiri kujibiwa. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeligusa. Ndipo akaanza kulitafutia ugonjwa.

Nilikuwa msaidizi wake wa kushika spana, na nilizipenda siku zile, kwa sababu nilidhani tunafanya kazi moja, ya kuliponya gari ili Baba Mdogo arudi kuliendesha. Alianza na plagi. Alizifungua zote akazipanga juu ya gunia, nazo zilikuwa nyeusi kwa masizi, zenye unyevunyevu wa petroli. Aliponusa moja, uso ulimbadilika.

"Tumeipata?" nikauliza.

"Hizi zimechoka juzi juzi tu," akasema haraka. "Zamani zilikuwa nzima."

Akatia mpya. Gari likaendelea kula vilevile, na jioni ile Baba alikuwa mchangamfu kuliko siku zote, akanipa soda nzima peke yangu. Sikuelewa. Akafungua kichujio cha hewa, kikamwaga vumbi na makapi ya alizeti kiasi cha kujaza bakuli. "Vumbi la msimu huu," akasema. Akapiga jeki, akazungusha magurudumu, akakuta moja la nyuma breki imelishika, halizunguki kwa uhuru. "Hii imeanza kwenye matope ya mvua zilizopita." Kila alichokikuta alikipa umri, na kila umri ulikuwa mdogo kuliko kifo cha Bibi. Na kila alipokirekebisha na tatizo likabaki, alilala usingizi mzuri.

Siku ya breki Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Aliuliza bila kuinua macho, "Hiyo nayo umegundua imeanza baada ya Msengi kuondoka?"

"Wewe unajua nini kuhusu magari?"

"Sijui kitu. Namjua Msengi."

Mimi nilichukulia wanagombana kuhusu gari. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba baba yangu alikuwa akitafuta kitu huku akiomba asikipate. Gari likiwa zima, mwizi angebaki mwizi, na mtu aliyemfukuza mwizi kwenye kaburi la mama yake angebaki mtu aliyefanya sawa. Kila kasoro aliyoikuta ilikuwa inamsogeza mdogo wake nje ya hatia na kumsukuma yeye ndani.

Tulikwenda Singida mjini kununua viatu vya breki. Duka la spea lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imekaa pale tangu enzi za babu zake. Alikuwa mzungumzaji, hasa kwa wateja waliokuja na watoto, na alinipa peremende kabla hajamsikiliza Baba. Baba akaeleza kwa nini amekuja: breki, na mafuta yanayokwisha.

"Mshale wa joto unakaa wapi, mzee?"

"Chini kabisa," Baba akasema, na alisema kwa fahari. "Haupandi hata kidogo. Napanda Sekenke na magunia, maji baridi kama ya mtungini."

"Aa. Hiyo si sifa. Injini inatakiwa kupata moto. Thamostati ipo?"

Nyote mnaoendesha huku kwetu mnakijua kidude hicho, cha kadiri ya kizibo cha chupa ya chai, kinachokaa katika njia ya maji na kuyazuia yasizunguke mpaka injini ipate joto. Na mnajua tunavyokifanya. Gari likichemka mara moja tu mlimani, fundi anakitoa na kukitupa, akisema hayo ni mambo ya Ulaya kwenye barafu, katika nchi ya jua yana kazi gani? Sote tunakubali, na tunarudi nyumbani tukifurahia mshale uliolala. Injini inabaki baridi siku nzima, inachoma mafuta mengi kujipasha moto isioupata, na katika upepo wa kipupwe inazidi.

"Niliitoa," Baba akasema hatimaye.

"Siku nyingi?"

Nilikuwa nimeshika mkono wake, na niliusikia ukilegea. Angeweza kusema juzi. Yule mzee asingejua. Mimi mwenyewe nisingejua.

"Mama yangu alikuwa bado anachota maji mwenyewe," akasema.

"Oh, basi umepoteza mafuta mengi, mzee wangu. Pole sana." Akageuka kukitafuta kipya kwenye makabati yake, akiimba chini kwa chini.

Baba alikifunga siku iliyofuata. Aliwasha injini, akaweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta, akangoja. Mshale ukapanda mpaka katikati ukatulia, moshi mweusi ukakoma, na wiki ile dumu lilifika mahali ambapo madumu yalikuwa yameacha kufika. Niliruka ruka uani nikipiga vigelegele. Baba aliingia ndani ya gari, akapandisha vioo, akaacha injini ikiunguruma. Nilidhani anasikiliza kama pana kasoro nyingine. Asubuhi nyingi alifanya hivyo, na mimi niliwaambia wenzangu shuleni kwamba baba yangu ana masikio ya kifundi. Alikuwa analia mle ndani, mahali ambapo injini ingefunika sauti.

"Utakwenda lini?" Mama alimuuliza. Alimuuliza tena na tena, bila ukali, mpaka alfajiri moja Baba akaniamsha nivae. Hakunichukua kwa upendo, nasema kweli. Alinichukua kama ngao.

Sekenke palikuwa na mashimo kila mahali na vumbi jeupe juu ya kila kitu, mpaka kwenye kope za watu. Tulimkuta Baba Mdogo kwa mama lishe, akinywa uji. Alikuwa amekonda, mabega yamejikunja, na alikohoa kabla ya kusimama.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Msengi."

Nilimrukia. Alinishika kwa mkono mmoja, mbali kidogo na kifua. Hakunuka petroli tena. Akatuagizia uji, tukakaa kwenye benchi, na Baba akaanza kueleza. Alieleza plagi. Alieleza kichujio, na breki, na alieleza thamostati kwa kirefu, akichora mchangani kwa kijiti njia ya maji inavyopita na mahali kidude kinapokaa. Alisema mshale sasa unakaa katikati. Sikumsikia akisema jina la Bibi, wala neno nisamehe. Baba Mdogo alisikiliza kwa adabu yote anayopewa kaka mkubwa, na mahali fulani akauliza hata swali la kifundi, kuhusu moshi.

"Kwa hiyo gari imenisafisha," Baba Mdogo akasema, Baba alipomaliza kueleza.

"Ndiyo. Imekusafisha kabisa. Turudi nyumbani, Msengi. Chumba chako kipo."

Baba Mdogo aliuzungusha uji uliobaki kwenye kikombe, akaunywa, akamrudishia mama lishe kikombe chake. Kisha akamgeukia Baba, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Na kama usingekipata hicho kidude, kaka?"

Alingoja. Namshuhudia kwa hilo: alimpa kaka yake nafasi, macho kwa macho, kwa muda mrefu. Nami nilimtazama Baba, nikijua jibu ni rahisi, hata mimi nililijua, nikimsukuma kwa kiwiko alitamke. Midomo yake ilifunguka. Alitazama ule mchoro wa mchangani.

Baba Mdogo akaniwekea mkono kichwani, akasema nimsalimie Mama. Akatembea mpaka kwenye shimo lake, akashika kamba, akashuka.